Sura ya Saba: Fundi Yuko Njiani

Siku ya tatu baada ya maziko, viti vya kukodi vilikuwa bado vimerundikwa uani, na kaka mtu alikuwa hajapunguza sauti.

“Muulize vizuri, afande,” alisema, akimwonyeshea dada yake kidole. “Muulize hiyo namba aliitoa wapi. Mimi nimetafuta mtandaoni mwenyewe, mbele yake, na haipo.”

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Kituoni walimwita Kupe, ingawa si mbele yake, kwa kuwa akishaganda kwenye jambo habanduki. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha marehemu kwa sababu chumba hakikuwa na nafasi ya kiti cha pili, na mkononi alishika simu ya binti wa marehemu, dada yake yule kaka.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mzee wa nyumba ile alifanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha saruji, na mapafu yake yalipochoka akawa anaishi kwa mtungi wa oksijeni uliosimama kando ya mto wake. Alhamisi mchana mtungi ulianza kuisha kabla ya wakati. Ule wa akiba ulipofunguliwa ukakutwa mtupu. Valvu yake ilikuwa inavuja. Binti, aliyekuwa peke yake na baba yake, akatafuta mtandaoni mahali pa kupata mwingine haraka, akapiga namba. Sauti ya mwanamke ikamwambia fundi yuko njiani. Akapiga tena, akaambiwa yuko njiani. Akapiga mara ya tatu. Saa kumi kasorobo mzee alikata roho, mlango wa mbele ukiwa wazi, umewekewa jiwe usijifunge, ili fundi asipoteze muda kubisha.

“Hospitali ni mbali?” Inspekta aliuliza.

“Dakika ishirini na tano kwa gari,” binti alisema. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mshonaji wa sare za shule, vidole vyake vimejaa alama za sindano. “Jirani alikuja na funguo mkononi, akaniambia twende. Nikamwambia wameshasema wanakuja. Walisema nisihangaike kwingine.”

“Na hiyo namba?”

“Nilitafuta. Ikatokea ya kwanza.”

“Haipo!” kaka alisema. Alikuwa mwalimu, na alisema neno hilo kama anayempigia mwanafunzi alama ya mkasi kwenye daftari. “Kuna mtu alimpa. Anamficha.”

Inspekta alitoa simu yake mwenyewe, akaandika: mtungi wa oksijeni karibu nami. Duka moja likatokea juu kabisa, la mtaa wa pili. Akateremka hadi mwisho wa ukurasa wa kwanza, akaenda wa pili, wa tatu. Namba aliyopiga binti haikuwepo. Ndipo akaiandika namba yenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia, na ukurasa mmoja ukajitokeza: Msaada Sasa. Juu yake palikuwa na picha ya mitungi iliyopangwa mbele ya mlango wa kijani, na chini maoni mia moja na kumi na mawili ya wateja walioridhika.

Ukurasa upo, basi. Ila haufikiki kwa njia ambayo mtu angepita. Akafungua simu ya binti kuangalia maneno yaliyotafutwa Alhamisi. Historia yote ilikuwa imefutwa.

“Umefuta wewe?”

Binti alitazama sakafu. “Simu ilijaa.”

Kaka akacheka kicheko kikavu, akatoka nje.

Inspekta alifanya kama alivyofanya kila mara: akapiga picha kila kitu. Mtungi, valvu, dirisha, viatu vya marehemu chini ya kitanda. Akapiga picha hata karatasi iliyobandikwa ukutani kwa plasta ya vidonda, ratiba ya mgonjwa iliyoandikwa kwa herufi kubwa za uangalifu: SAA MOJA DAWA. SAA NNE KUANGALIA MTUNGI WA OKISIJENI. SAA KUMI CHAI. Halafu akaaga.

*

Mlango wa kijani ulikuwa hatua mia nne na kumi kutoka kwenye kitanda kile. Inspekta alizihesabu.

Muuza mitungi alikuwa jitu la mtu, ovaroli imembana, spana mkononi. Inspekta alimwonyesha picha kwenye simu.

“Mlango ni huu. Na huyu aliyesimama pembeni, kitambi mbele, ni wewe.”

Yule bwana alitazama, uso ukamshuka. “Ni mimi.”

“Alhamisi kuanzia saa nane ulikuwa wapi?”

“Hapa hapa. Hakuna aliyenipigia, mama. Nilikaa kwenye hiki kiti, nikasinzia.” Neno la mwisho alilisema kwa sauti ndogo.

Alitoa simu yake bila kuombwa. Simu zilizoingia Alhamisi zilikuwa mbili, zote asubuhi. Mwenye duka la rangi, wa mlango wa pili, alithibitisha kwamba jirani yake alikoroma mchana kutwa hadi akatamani kumgongea ukuta.

“Basi nieleze picha yako inafanya nini kwenye ukurasa wa watu wengine.”

Muuza mitungi aliweka spana chini. “Ule ukurasa ulikuwa wangu. Yaani nilidhani ni wangu. Kuna jamaa wanamwita Namba Wani, kwa sababu ukimpa kazi anakupandisha mtandaoni mpaka unakuwa wa kwanza. Mwaka jana nilipofungua duka alinitengenezea. Akapiga picha, akaandika maneno, akaweka maoni ya wateja.”

“Wateja wa kweli?”

“Wateja gani? Nilikuwa na wiki mbili kazini, na mmoja wao alikuwa shemeji yangu.”

“Mkaachana kwa nini?”

“Niligundua namba iliyoandikwa pale si yangu. Simu zinapita kwake kwanza, halafu ndiyo ananiletea mimi. Nikamwambia, weka namba yangu. Akasema namba ni ya ukurasa, ukurasa ni wake, mimi ni mpangaji tu. Nikatoka. Mke wangu akanitengenezea mwingine, hauna mbwembwe: jina la duka, mtaa, saa za kufungua, picha ya mlango, namba yangu mwenyewe. Kila mteja akihudumiwa tunamwomba aandike maoni, akiridhika asiridhike. Ukapanda pole pole. Sasa mtu akiandika oksijeni, mimi ndiye wa kwanza. Kila asubuhi naangalia, nafurahi.”

“Na ule wa zamani, ulijua kwamba bado upo?”

Aliifuta mikono isiyokuwa na uchafu.

“Nilijua.”

“Ukafanya nini?”

“Nilisema, picha si ya duka langu? Mtu akiiona si atanijia mimi?” Akamtazama Inspekta kama mtu anayeomba aambiwe ndiyo. “Ni yule mzee wa saruji, siyo? Nilikuwa namsalimia.”

Inspekta alilipiga mstari jina la kwanza kwenye orodha yake ya washukiwa. Lililobaki lilikuwa namba ya simu.

*

Namba ilimwongoza hadi ghorofa ya tatu ya jengo lenye lifti mbovu, kwenye chumba cha meza kumi na mbili ambamo watu walipokea simu za biashara zisizokuwa zao. Msimamizi alieleza bila kuona haya: fundi bomba, fundi kufuli, duka la maua, wote wanakodi sauti ileile. Simu ikiingia, jina la biashara linatokea kwenye kioo cha kompyuta pamoja na maneno ya kusema.

Aliyepokea simu za Alhamisi alikuwa mwanamke mwembamba. Vipokea sauti vilikuwa vimemwachia alama juu ya masikio, na wenzake walimwita Sauti.

“Unahudumia biashara ngapi?”

“Thelathini na saba, afande.”

“Msaada Sasa wanauza nini?”

“Mitungi. Ya gesi ya kupikia.”

“Nani alikwambia ya kupikia?”

Sauti aligeukia kompyuta. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa neno moja tu: Mitungi. Chini yake maneno ya kusoma: Asante kwa kupiga. Fundi wetu yuko njiani, atakufikia ndani ya nusu saa. Tafadhali usipige kwingine, ukipiga kwingine oda yako itafutwa.

“Oda inakwenda kwa nani?”

“Inatumwa kwa ujumbe kwenye namba ya mwenye biashara.” Alibonyeza, akaisoma. Inspekta akaipiga papo hapo. Ilikuwa laini ya oda aliyoiacha muuza mitungi, imefungwa tangu alipojitoa miezi saba iliyopita.

Simu zote zilirekodiwa kwa ajili ya ubora wa huduma. Msimamizi akazitafuta. Ya saa nane na dakika tano ilikuwa ya kawaida: mtaa gani, geti rangi gani, yuko njiani. Ya saa nane na nusu binti alikuwa anahema. Ya saa tisa na dakika kumi Inspekta aliomba isikilizwe mara mbili.

“Dada, mbona hafiki? Baba anaishiwa.”

“Fundi wetu yuko njiani, atakufikia ndani ya nusu saa.”

“Niende hospitali au nimsubiri? Niambie tu dada, niende au nimsubiri?”

“Tafadhali usipige kwingine, ukipiga kwingine oda yako itafutwa.”

Kabla simu haijakatwa, nyuma ya maneno ya binti ilisikika pumzi ya mtu, ndefu, ya kukwaruza, kama kabati zito linalovutwa juu ya sakafu ya saruji.

Sauti aliziba mdomo. “Nilidhani anaishiwa gesi. Nilidhani chakula kiko jikoni.”

“Hukusikia hii nyuma?”

“Nilikuwa na simu mbili zinasubiri.” Machozi yalimtoka bila kelele. “Nilisikia, afande. Nilisikia nikasoma.”

Msimamizi alimwambia aende akanawe uso, arudi mezani, maana foleni inajaa.

*

Namba Wani alifundisha Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi mdogo juu ya duka la vipuri vya magari. Inspekta alivaa gauni la nyumbani, akajiandikisha kuwa muuza mapazia, akakaa nyuma. Palikuwa na wafanyabiashara kama ishirini: wasusi, fundi viatu, mama mmoja muuza mayai aliyekuja na daftari jipya.

Alitarajia mjanja wa maneno mengi. Akakuta kijana mpole wa miaka thelathini na tano, shati limepigwa pasi, anayemjibu kila mtu kwa subira.

“Kosa la kwanza,” alisema, “mnaandika mnachouza. Msiandike mnachouza. Andikeni anachotafuta mtu. Mama, wewe unauza nini?”

“Mayai, mwanangu.”

“Hakuna anayeamka akatafuta mayai bora ya kisasa. Anatafuta trei ya mayai karibu na stendi. Weka jina la mtaa wako, weka stendi. Kichwa cha ukurasa kiwe kifupi. Picha ziwe nyepesi, maana ukurasa ukichelewa kufunguka, mteja ameshahama. Na usirundike neno moja mara hamsini kama mtu anayepiga debe. Mtambo wa kutafutia unaliona hilo, unakushusha.”

Kalamu zilikwenda mbio. Hata Inspekta aliandika. Yalikuwa maneno ya kweli, yenye manufaa, na mama wa mayai alikuwa akitabasamu.

“Sasa siri ambayo wengine hawawaambii.” Akageukia ubao, akaandika saluni na fremu kwa herufi zilizokosewa: salooni, felemu. “Watu hukosea herufi. Lugha yetu mtambo haujui kuisahihisha vizuri, kwa hiyo anayekosea anapelekwa kwa yule aliyekosea kama yeye. Wenye maduka makubwa huandika kwa usahihi, wanagombania mlango mmoja. Mlango wa nyuma hauna mtu. Tafuteni wateja wenu wanakoseaje, mkakae pale.”

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Alifungua simu, akaenda kwenye picha za chumba cha marehemu. Viatu. Dirisha. Karatasi ya ukutani. Akaikuza mpaka neno likajaa kioo. Halafu akaandika kwenye kisanduku cha kutafutia, herufi kwa herufi, kama lilivyoandikwa kwenye ratiba: mtungi wa okisijeni haraka.

Msaada Sasa. Wa kwanza. Duka la mlango wa kijani halikuwepo kabisa.

Alingoja darasa litoke, akaweka kitambulisho chake juu ya meza.

“Neno okisijeni limo mara kumi na moja kwenye ukurasa wako wa Msaada Sasa. Ni bahati mbaya?”

“Ni utafiti,” Namba Wani alisema. Hakutishika, alizoea kueleza. “Mamia ya watu wanaliandika hivyo kila mwezi.”

“Watu gani?”

“Wazee. Ambao hawakusoma sana. Na wenye haraka, hao ndio wengi.”

“Mwenye haraka ya oksijeni ana haraka ya nini?”

Namba Wani alianza kufuta ubao.

“Mpangaji wako alitoka miezi saba iliyopita,” Inspekta aliendelea. “Kwa nini hukuufunga?”

“Ukurasa haufungwi, afande. Ukiufunga unapoteza nafasi, na kurudi juu ni kazi ya mwaka. Unauacha upokee simu, ili mpangaji mpya aone una uhai.”

“Utamwonyesha nini huyo mpangaji mpya?”

Alifungua kompyuta, labda kwa mazoea tu. Palikuwa na jedwali la siku na idadi. Kwenye Alhamisi ile paliandikwa: wateja moto, yaani walio tayari kununua, watatu.

“Si watatu,” Inspekta alisema. “Ni mmoja, alipiga mara tatu. Alikuwa anauliza ampeleke baba yake hospitali au asubiri. Maneno ya kumzuia asipige kwingine aliyaandika nani?”

Rangi ilimtoka usoni. “Ni... kila mtu anayatumia. Mteja akikata simu anampigia wa pili kwenye orodha. Lazima umshike.”

“Ulimshika.”

“Yukoje huyo baba?”

Inspekta alimwambia. Namba Wani aliketi kwenye kiti alichokalia mama wa mayai. Baada ya muda mkono wake ukaenda kwenye kompyuta. “Ngoja niufute. Naufuta sasa hivi.”

“Usiguse,” Inspekta alisema. “Huo ni ushahidi.”

*

Mwendesha mashtaka, mzee wa sheria mwenye kikohozi, alisikiliza yote akiwa amefumba macho.

“Umefanya kazi,” alisema. “Lakini hujaonyesha kwamba aliingia kwa mlango huo wa nyuma. Historia imefutwa. Karatasi ya ukutani ni ratiba ya chai. Niletee maelezo ya binti, yenye neno lenyewe kama alivyoliandika, na saini. Bila hilo usinisumbue.”

Inspekta alimkuta binti kwenye cherehani, katikati ya lundo la mashati meupe. Alifunga mlango kabla ya kuongea.

“Ulifuta kwa sababu uligundua.”

Mguu wa binti uliacha kukanyaga. “Jioni ile walipomtoa baba,” alisema, “nilikaa na mtungi. Una kibandiko. Nikalisoma neno lilivyoandikwa pale, nikaliandika kwenye simu hivyo hivyo. Likatokea duka la mtaa wa pili. Afande, mimi napita pale kila siku. Mlango hauna hata kibao. Sikujua wanauza nini.”

“Kosa si lako. Yule bwana alikaa pale akikusubiri.”

“Kaka alisoma. Mimi niliishia darasa la sita mama alipougua. Ilibidi mmoja abaki nyumbani. Akijua, atasema nimemuua baba kwa herufi moja.”

Inspekta aliketi juu ya lundo la mashati. Kesi ilifunguliwa na kaka. Yeye ndiye mlalamikaji, na mlalamikaji husoma faili. Alilijua hilo. Angeweza kunyamaza, akaondoka, jambo likafia pale.

“Kuna watu mamia kwa mwezi,” alisema, “wanaandika kama wewe. Usiposaini, kesho ni baba wa mtu mwingine.”

“Na nikisaini, atafungwa?”

“Nitaganda naye mpaka mwisho.”

Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walijua. Binti alitoa uzi mdomoni, akaufunga kwenye kidole, akaufungua.

“Basi niandikie,” alisema. “Neno nitaliandika mwenyewe.”

Alisaini kituoni siku iliyofuata. Kaka alimleta kwa gari lake, akangoja kwenye benchi la ukumbini, kisha akaitwa kusoma. Alisoma mara moja kwa haraka ya mwalimu, mara ya pili pole pole. Kidole chake kilisimama juu ya neno lililoandikwa kwa mwandiko mwingine.

“Kumbe,” alisema.

“Kaka—”

“Daftari langu la imla nilikuwa nakuachia mezani kila jioni. Kila jioni.” Hakupaza sauti safari hii, na Inspekta alitamani angepaza. “Hatua mia nne. Baba amekufa kwa hatua mia nne.”

Aliirudisha karatasi mezani, akainyoosha pembe, akatoka. Injini ya gari ikasikika ikiwaka, kisha ikififia barabarani. Binti alibaki amekaa, pochi mapajani, mpaka Inspekta alipomtafutia gari la kituo la kumrudisha.

*

Jibu la mwendesha mashtaka lilichukua wiki tano. Inspekta alikwenda kulifuata mwenyewe.

“Daktari ameandika maradhi ya mapafu,” mzee wa sheria alisema. “Kukosea herufi kwenye ukurasa wako mwenyewe si kosa la jinai. Dada wa simu alisoma alichoandikiwa. Aliyekiandika hakuahidi kumtibu mtu. Muuza mitungi alisinzia dukani kwake. Nimshtaki nani?”

“Aliyeandika usipige kwingine.”

“Hayo yapo kwenye nusu ya simu za nchi hii.” Alikohoa mpaka akatokwa na machozi. “Najua unavyoniona. Nimekesha nalo hili. Hakuna kifungu.”

Faili likafungwa kwa barua ya onyo. Namba Wani aliipokea kwa mikono miwili, akaufuta ukurasa siku hiyo hiyo, na wenye kumjua walisema ameacha kufundisha. Inspekta hakuona faraja. Akiwa ngazini alitoa simu, akaandika neno kama lilivyoandikwa kwenye maelezo. Msaada Sasa haukuwepo. Nafasi yake ya kwanza ilikuwa imechukuliwa na Pumua Chapchap, picha nyingine, namba nyingine, neno lilelile. Akapiga.

“Asante kwa kupiga,” ilisema sauti ya kike asiyoijua. “Upo mtaa gani, mama? Fundi wetu yuko njiani.”

Aliripoti siku hiyo. Mkuu wa kituo alimuuliza atafukuzana na kurasa ngapi, akampa jalada la wizi wa nyaya za umeme.

Jioni kabla jua halijazama alikwenda kwa binti, kwa sababu habari hiyo haikuwa ya kupeleka kwa simu. Kitanda cha marehemu kilikuwa kimetolewa. Mahali pake palikaa mafungu ya vitambaa. Mashine ya kushonea ilikuwa kimya. Alimweleza yote akiwa amesimama, kifungu kwa kifungu, bila kupamba.

Binti alisikiliza hadi mwisho.

“Kaka hajaja tangu siku ile,” alisema. “Nikimpigia, simu inaita tu.”

“Nitakwenda kuongea naye.”

“Hapana. Usiende.” Alifikiri kidogo. “Afande, kama kesi imekwisha, ile karatasi yangu naweza kuipata? Ile niliyoandika lile neno.”

“Unaitaka ya nini, mwanangu?”

“Nisiishi nikijua tu kwamba iko mahali fulani.”

Inspekta alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Katika miaka ishirini na saba ya kazi aliwahi kuwadanganya wezi, wauaji, na wakubwa wake mara nyingi kuliko ilivyofaa, na uongo mmoja mdogo ulikuwa tayari kwenye ulimi.

“Karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki,” alisema. “Inatunzwa.”

“Miaka mingapi?”

“Siku zote.”

Binti aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa vipimo vya nguo. Halafu akamsogezea kiti, akamuuliza kama atakunywa maji.